Ekseli

Usiishike bado.
Najua umekuja na viganja vinavyowasha,
najua kule ghalani umebeba magunia ya ufuta
tangu mnada wa kwanza, mizani inakujua kwa jina.
Lakini hii ekseli imelala nje usiku kucha,
na wewe pia, Somoe, umelala.
Baridi na baridi hawasalimiani kwa nguvu.

Zunguka uwanja kwanza. Mara tatu, taratibu,
mpaka vyoo vya shule na kurudi,
mpaka pumzi yako iache kukukimbia
ianze kufuatana nawe.
Zungusha mabega. Tena, kwa nyuma.
Nyonga nazo: juzi harusini kwa kina Likwata
ulizituma ukitakacho, zikaitika,
leo tunaziomba kazi nyingine.
Chuchumaa. Visigino chini.
Kisigino kikiinuka, mwili mzima umeshadanganya.
Hesabu ishirini moyoni,
usitazame saa yangu, imekufa tangu Iddi.

Kule kujinyoosha kwa kukaa,
kushika vidole vya miguu na kufumba macho,
kunakuja mwishoni, kama kahawa.
Msuli uliovutwa mno kabla ya kazi
ni mpira wa baiskeli uliochoka:
unakwenda, haurudi.

Unaijua hii ekseli ilikotoka?
Trekta la karanga.
Bibi mzaa mama aliwaona wakija Nachingwea
na matrekta, na reli, na hesabu zilizopigwa mbali.
Wakaishika ardhi siku ileile waliyoshuka,
hawakuizunguka,
hawakuiuliza huamkaje kiangazi.
Wakavuta.
Bibi alisema kilichokatika
kilisikika mpaka Mtwara.
Reli ikang'olewa, chuma kikabaki vichakani kinanyeshewa,
hadi nilipokuja mimi na msumeno
na deni la gesi ya kuchomelea.

Nilikuwa nikiicheka hadithi hiyo.
Halafu Oktoba moja, ghala la korosho,
wingu limekaa juu, dereva anapiga honi,
gunia la kwanza la siku, kilo themanini na kitu,
mgongo wangu ungali unanuka godoro,
nikalipindia kama ndoana.

Miezi mitano chali.
Bati za chumba changu ni ishirini na saba.
Ya kumi na nne ina tundu,
saa nne jua hupita hapo na kunigusa goti
kama daktari asiye na haraka.

Haya. Vua kandambili, simama pekupeku.
Chuma kiwe juu ya nyayo, karibu,
kikuparuze ugoko kikitaka.
Usikiinamie kama mtu anayeokota shilingi.
Kaa kwa nyuma, kama kuna kigoda
ambacho huna hakika nacho.
Kifua kitazame ule ukuta wa msikiti.
Jaza tumbo hewa, kaza,
kama umeona konde la mdogo wako linakuja.
Na usivute. Mgongo ubaki kamba, usiwe winchi.
Sukuma dunia chini kwa miguu,
chuma kitajua pa kwenda.

Tupu kwanza. Bila gia, bila ndoo za saruji.
Tupu tena.
Unanuna, nakuona. Nuna, lakini tupu tena.

Sasa gia moja kila upande.
Sasa mbili, na ndoo.
Ndiyo, ni zaidi ya gunia. Usiniulize ni ngapi,
niulize visigino viko wapi.

Vuta hewa.

...

Hakuna kilichokatika.
Sikiliza: kuku wa Mama Nandonde wanapekua,
mtu anapiga mswaki nyuma ya ua.
Hakuna kilichosikika, hata hapa.

Usitabasamu kikiwa juu!
Shusha. Polepole, kwa njia ileile uliyopandia,
kushusha nako ni kubeba.

Haya, kaa chini.
Nyoosha miguu.
Sasa fumba macho.